Risasi za rangi katika penseli za kubonyeza: kwa nini hukatika, na namna ya kuzitumia bila kuharibu penseli

MstariMwembamba (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salamu kwenu.

Nafungua uzi huu kwa sababu ya lalamiko ambalo nimelisikia mara nyingi, na ambalo mimi mwenyewe niliwahi kulitoa. Mtu hununua kikasha cha risasi nyekundu, akazitia katika penseli ya kubonyeza iliyomtumikia kwa miaka bila kumsumbua, na kabla hajamaliza ukurasa mmoja risasi imekatika mara tano, kipande kimekwama ndani, naye amebaki ama kuilaumu penseli ama kuulaumu mkono wake.

Kazi yangu ni kusahihisha miswada kabla haijaenda kupigwa chapa. Jioni niliyojaribu risasi nyekundu kwa mara ya kwanza nilikuwa na sura moja tu ya kumaliza, penseli ya milimita 0.5, na kikasha kipya chenye risasi kumi. Nilipofika mwisho wa sura nilikuwa nimetumia risasi nne, lakini kilichobaki kwenye karatasi hakikutosha hata nusu ya moja, maana zilizosalia zilikuwa zimetapakaa juu ya meza kwa vipande vya milimita mbili mbili na tatu tatu, vyekundu, vinavyoacha doa kila unapovigusa.

Ninalotaka kusema ni kwamba kosa halikuwa la penseli wala la mkono. Risasi ya rangi ni kitu kingine kabisa hata kama inapita katika tundu lile lile, na anayeitumia kwa mazoea ya risasi nyeusi atahangaika nayo daima.

Kwanza jina lenyewe. Kiswahili kinaiita penseli kalamu ya risasi, ingawa ndani yake hamna ile metali nzito iitwayo risasi. Zamani huko Ulaya watu waliidhania grafiti, ile kaboni nyeusi inayoandika ndani ya penseli, kuwa ni aina ya risasi, jina likashika, nasi tukalirithi. Katika risasi ya rangi hamna risasi, na kwa kawaida hamna hata grafiti. Hata hivyo ndilo jina tulilo nalo, na nitaendelea kulitumia.

Risasi nyeusi hupata nguvu yake motoni. Tangu Nicolas-Jacques Conté alipopata hataza yake Ufaransa mwaka 1795, njia iliyozoeleka ni kuchanganya unga wa grafiti na udongo wa mfinyanzi, kuusokota mchanganyiko huo kuwa vijiti, kisha kuvichoma tanuruni. Njia hiyo inatosha kwa penseli ya mbao, kwa kuwa mbao huishika risasi pande zote. Lakini kijiti kinachosimama peke yake, chembamba kuliko sindano nyingi, kinataka zaidi ya hapo. Ndiyo sababu risasi nyembamba za leo hutumia polima, kitu cha jamii ya plastiki, badala ya udongo, jambo ambalo kampuni ya Pentel ililianzisha mwaka 1960: mchanganyiko huchomwa bila hewa katika joto linalokaribia nyuzi 1000 za Selsiasi, polima inageuka kuwa kaboni, na kaboni hiyo inazishika chembe za grafiti kama saruji inavyoshika kokoto.

Sasa fikirieni kuipitisha rangi katika tanuru hilo. Rangi nyingi zinazotupa wekundu na zambarau zingeungua kabisa, na zilizobaki zingegeuka. Kwa hiyo risasi ya rangi ya kawaida haichomwi. Unga wa rangi huchanganywa na kijazio kama talki au kaolini, gundi itokanayo na selulosi, pamoja na nta. Mchanganyiko ukasukumwa kupitia tundu dogo, ukakaushwa, basi. Kinachokishika kijiti hicho ni gundi na nta peke yake. Ukikiangalia kwenye mwanga wa pembeni utaona kinang'aa kidogo, na ukikikwaruza kwa ukucha, ukucha unaacha alama.

Jambo la pili ni unene, na hapa hesabu ina msaada mkubwa. Nguvu inayohitajika kukivunja kijiti kwa kukipinda hukua kwa kipeo cha tatu cha kipenyo chake. Risasi inayoandikwa 0.5 kwa kweli ina kipenyo kinachokaribia milimita 0.56, na ile ya 0.7 inakaribia 0.7 yenyewe. Pigeni hesabu na mtaona kwamba ya pili, ikiwa imetengenezwa kwa mchanganyiko ule ule, inahimili karibu mara mbili ya ya kwanza, na ya 0.9 inahimili mara nne na kidogo. Tofauti ambayo jicho linaiona ndogo, mkono unaisikia mara moja.

Jambo la tatu ndilo lililonigharimu zile risasi nne. Mzigo unaoipinda risasi huongezeka kadiri sehemu inayotokeza nje ya mrija inavyorefuka. Ukitoa milimita moja badala ya mbili, umeupunguza kwa nusu. Risasi ya rangi ni laini na huisha upesi, kwa hiyo mtu huchoka kubonyeza kila baada ya maneno machache, akaanza kubonyeza mara tatu au nne kwa mpigo ili aandike kwa muda mrefu bila kusimama. Nami nilifanya hivyo hivyo: kitu dhaifu kuliko nilichokizoea nilikitoa kirefu kuliko nilichokizoea, kisha nikashangaa kinakatika.

Kwa sababu hizo, ushauri wangu ni kwamba anayetaka kutumia rangi aanze na 0.7 au zaidi, atoe risasi fupi mno, ailaze penseli kidogo zaidi kuliko alivyozoea, na kila rangi aipe penseli yake. Hilo la mwisho nitalieleza baadaye, kwa sababu watu hulipuuza, na ndilo linaloua penseli.

Nawakaribisha wenye uzoefu tofauti.

Sahihi_Nyekundu

Mkuu, nimekusoma kwa makini, na sehemu kubwa ninakubaliana nawe, lakini hapo unapowaambia watu waiache 0.5 umeharakisha. Nimetumia risasi nyekundu za 0.5 kwa miaka kadhaa katika kazi inayofanana na yako, na hazinikatiki kuliko zile nyeusi za 2B. Tofauti ni aina ya risasi.

Zipo risasi za rangi ambazo huchomwa kweli. Watengenezaji huanza na kijiti kisicho na rangi, wakakichoma mpaka kiwe kigumu na chenye vitundu vidogo mno ndani yake, kisha wakakilowesha rangi ya maji maji mpaka vitundu vijae. Rangi inaingia baada ya moto, kwa hiyo haiungui, na kijiti kinabaki na nguvu kiliyoipata tanuruni. Risasi za namna hii kwa kawaida huuzwa kama risasi za rangi zinazofutika, na ndizo unazozikuta katika familia kama Color Eno ya Pilot, ya milimita 0.7, na risasi za rangi za Uni, ambazo zipo pia za 0.5. Ukiandika nazo utasikia zinakwaruza kidogo kwenye karatasi, hazitelezi kama za nta, na rangi yake ni nyepesi zaidi.

Kwa hiyo ningeiandika kanuni yako upya: mtu aangalie kwanza kama kikasha kimeandikwa kwamba risasi inafutika, ndipo achague unene.

MstariMwembamba

Ndugu Sahihi_Nyekundu, nimekubali kusahihishwa, na narekebisha nilichoandika. Risasi zilizonishinda jioni ile zilikuwa za nta, nami nikazihukumu zote kwa hizo. Nilijaribu zile zinazofutika katika 0.7 tu, nazo zilinitumikia vizuri, za 0.5 sikuwahi kuzigusa tena baada ya siku ile, na hilo si haki kwa anayetafuta mstari mwembamba.

Niongeze tu kwamba wepesi wa rangi ulioutaja si jambo dogo kwa msahihishaji. Alama ninayoiweka pembeni mwa ukurasa lazima ionekane na mpanga kurasa ambaye macho yake yamechoka. Risasi ya nta inatoa wekundu uliokolea; ile inayofutika inaelekea uwaridi, hasa mtu akiwa na mkono mwepesi. Mpaka sasa natumia ya nta ya 0.9 kwa alama za mwisho, na inayofutika kwa maswali ninayotarajia yatajibiwa na kufutwa.

KichongeoChangu

Samahani kwa kuuliza jambo ambalo labda wengine wanaliona wazi. Kama risasi hizi ni dhaifu, zinaisha upesi, na rangi zake ni chache, kwa nini mtu asichukue penseli ya rangi ya mbao na kichongeo? Mbao inaishika risasi pande zote kama mlivyoeleza, rangi ni nyingi kupita kiasi, na hakuna taya za kuibana risasi wala springi ya kuharibika. Ninachora mimea kwa penseli za mbao, na sijawahi kuhisi ninakosa kitu.

MstariMwembamba

Swali lako ni la haki kabisa, na kwa kazi yako jibu ni kwamba ubaki na mbao. Anayejaza eneo kwa rangi, anayepandisha tabaka juu ya tabaka, anayetaka kivuli kianze kwa wepesi na kukolea polepole, hatapata faida yoyote katika penseli ya kubonyeza. Risasi ya 0.7 haina ubavu wa kulazwa, na eneo la ukubwa wa kiganja lingekula kikasha kizima.

Penseli ya kubonyeza inamfaa anayeandika na anayechora mistari. Penseli ya mbao huanza kwa ncha ya sindano na baada ya sentensi mbili imekuwa butu, kwa hiyo herufi zako zinanenepa kadiri unavyoendelea, na katika nafasi finyu iliyopo kati ya mistari ya mswada herufi nene haisomeki. Risasi ya 0.7 inabaki 0.7 tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Zaidi ya hayo, wino mwekundu hupenya karatasi nyembamba na kutokea upande wa pili, nao ukishakauka haurudi nyuma, risasi haipenyi.

Kalka

Wakuu, naona mnazungumza kana kwamba penseli za kubonyeza ni hizi nyembamba peke yake. Mimi ni mchoraji wa ramani za majengo, na nimeanza kazi wakati ambapo kila meza ilikuwa na penseli za taya za milimita 2. Hizo zina ukoo wao: Caran d'Ache ya Uswisi ilileta Fixpencil mwaka 1929, na muundo wake haujabadilika sana tangu hapo. Ukibonyeza nyuma, taya zinafunguka mbele, ukiachia, zinafunga. Hakuna mrija mwembamba wa kukwamisha kipande, hakuna raba ndogo ya kuibana risasi. Mkibonyeza bila kuweka kidole mbele, risasi nzima inaanguka sakafuni, na ya rangi ikianguka hukatika vipande vitatu, basi jifunzeni kuweka kiganja chini yake.

Kwa hesabu ile ile ya mwanzisha uzi, risasi ya milimita 2 huhimili zaidi ya mara arubaini ya ile ya 0.56 ikiwa mchanganyiko ni mmoja. Hapo swali la nta au moto linakoma kuwa na uzito. Nimeshawahi kuegemea risasi ya buluu ya 2 kwa kishindo cha hasira na haikukatika. Zipo pia nene zaidi, za milimita 3.15 na 5.6, lakini hizo ni za wachoraji wa sanaa na sizijui vizuri.

Gharama yake ni kuchonga. Kichongeo cha risasi, kile cha kuzungusha penseli ndani ya tundu, kimeundwa kwa grafiti ambayo hutoka kama vumbi kavu. Risasi ya rangi hutoka kama unga wenye mafuta, nao huganda kwenye meno ya kichongeo mpaka kikaanza kuteleza badala ya kukata. Mimi hutumia kipande cha msasa laini kilichogundishwa kwenye ubao mdogo. Unailaza risasi, unaizungusha huku ukiivuta kuelekea kwako, mara nne au tano, kisha unapangusa ncha kwa kitambaa. Usipoipangusa, unga ule utaushusha kwenye mchoro wako, nao haufutiki kwa urahisi kama ulivyoanguka.

Kwa anayetaka rangi nyingi bila kubeba penseli nyingi, kuna Multi 8 ya Pentel, ambayo hubeba risasi nane za milimita 2 katika mwili mmoja: unaelekeza rangi unayoitaka kwenye klipu, unainamisha ncha chini, unabonyeza, risasi ya rangi hiyo inashuka kwa uzito wake. Nimeitumia kukagua michoro, pale ambapo rangi moja inamaanisha sahihi, nyingine inamaanisha futa, na nyingine inamaanisha ongeza. Kila ofisi ina utaratibu wake wa rangi, lakini popote pale mkaguzi anahitaji kubadilisha rangi mara nyingi kwa saa moja, na kwa kazi hiyo sijaona chombo kilicho bora.

RamaniKwanza

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi bado ni mwanafunzi, na nimeukuta uzi huu nikiwa tayari nimeshaharibu. Nina penseli moja tu nzuri, ya 0.7, ambayo nilizawadiwa. Nilitoa risasi nyeusi nikatia ya kijani, nikaandika vizuri kwa siku mbili, kisha nikarudisha nyeusi. Sasa nikiandika, risasi inarudi ndani kila ninapoikandamiza, na jana imeacha kutoka kabisa. Nimejaribu kuchokoa kwa pini kutoka mbele lakini naogopa kuendelea. Je, imekufa?

MstariMwembamba

Marahaba. Usiendelee na pini, tafadhali. Mrija wa mbele ni bomba jembamba la chuma laini, na pini ikiingia kwa upande itaupinda au kuupanua mdomo wake. Hapo ndipo penseli itakapokufa kweli. Ilivyo sasa bado ni nzima.

Nilisema nitaeleza kwa nini kila rangi ipewe penseli yake, na kisa chako ndicho maelezo yenyewe. Ndani ya penseli, nyuma kidogo ya ncha, kuna taya mbili au tatu ndogo zenye meno kwa ndani. Taya hizo hutegemea kuuma kitu kigumu. Risasi ya nta ni laini, kwa hiyo meno yanaiuma na kung'oa chembe zake, chembe zinajaa katikati ya meno, na baada ya siku chache ndani ya taya kumekuwa laini kama kumepakwa mshumaa. Rangi ile ile ikiendelea kutumika, unaweza usilione tatizo mapema. Ukirudisha risasi nyeusi, ambayo ni ngumu na inateleza, taya hazina tena meno ya kuishikia, ndipo inaporudi ndani unapoikandamiza. Na vumbi la grafiti linalochanganyika na nta hiyo litachafua rangi yoyote utakayoitia baadaye. Njano ndiyo inayoumia kuliko zote, kwa sababu chembe chache tu za grafiti zinaifanya ifanane na matope.

Fanya hivi. Fungua koni ya mbele kwa kuizungusha, uiweke mahali ambapo haitapotea, kwa sababu ndani yake mara nyingi kuna raba ndogo nyeusi ambayo huanguka bila sauti. Bonyeza nyuma na ushikilie, taya zifunguke. Zitazame kwenye mwanga na bila shaka utaona kijani. Chukua brashi ndogo kavu, hata ya meno iliyo laini, uzisugue taya kwa nje na katikati huku zimefunguka. Baadaye chukua risasi nyeusi ya 0.7, nzima, uipitishe katika koni kuanzia mdomo wa mbele kwenda nyuma, polepole na kwa unyoofu, isukume nje kipande kilichokwama. Grafiti ndiyo inayofaa kwa kazi hii, kwa kuwa ina unene ule ule wa tundu na ni ngumu kuliko kipande unachokisukuma. Kama kifutio cha penseli yako kina waya mwembamba chini yake, waya huo uliwekwa kwa kazi hii hii, nao ni bora zaidi.

Ukimaliza, pitisha risasi nyeusi mbili tatu katika taya kwa kubonyeza mpaka zitokee mbele nzima nzima. Zitaisafisha nta iliyobaki.

Mchora_Vibonzo

Nimefurahi kuona mjadala huu, na ningependa kuleta rangi ambayo hamjaigusa: buluu hafifu, ile ya anga.

Kwa wachoraji wa vibonzo, rangi hii ndiyo sababu kuu ya kumiliki risasi za rangi. Tunachora rasimu kwa buluu, tukapaka wino mweusi juu yake, na rasimu haifutwi kabisa. Asili yake ni kamera za viwanda vya kupiga chapa: filamu zake zilikuwa na hisia kubwa kwa mwanga wa buluu na hazikuuona mwekundu, kwa hiyo mstari wa buluu hafifu ulitoka kwenye filamu sawa na karatasi nyeupe, yaani haukuonekana, wakati mstari mwekundu ulitoka mweusi kama wino. Mwanzisha uzi, alama zako nyekundu zingepigwa picha na kamera zile zingechapwa pamoja na maandishi yenyewe.

Kamera zile zimekwisha, lakini sababu imehamia kwenye skana, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanaskani kwa kijivu, mistari ya buluu inatokea kama kijivu hafifu, kisha wanahangaika kuipausha mpaka wanaharibu na wino. Skani kwa rangi kamili. Ndani ya programu ya picha, tenganisha chaneli tatu, yaani nyekundu, kijani na buluu, uchukue ile ya buluu peke yake. Mstari wa buluu huakisi mwanga wa buluu karibu sawa na karatasi, kwa hiyo katika chaneli hiyo unayeyuka kwenye weupe, na wino unabaki mweusi. Aliyechora rasimu kwa nyekundu achukue chaneli nyekundu, kwa sababu hiyo hiyo. Watu wengi huchukua chaneli iliyo kinyume, wakaona mistari imekolea zaidi, wakaitupa risasi kwa kudhani si ya aina inayofaa.

Onyo langu ni moja. Kama risasi yako ni ya nta, chora kwa mkono mwepesi mno. Nta huukataa wino wa maji, na palipokandamizwa sana wino unajikusanya kama matone kwenye jani, mstari unakatika katikati. Niliwahi kurudia ukurasa mzima kwa sababu hiyo: nywele za mhusika, ambazo nilizichora na kuzichora tena nikitafuta mwelekeo wake, zilikuwa na nta nyingi kiasi kwamba brashi ilipita na kuacha mistari yenye matundu. Tangu hapo natumia zinazofutika za 0.5 na 0.7 kwa rasimu. Hapo nakubaliana na Sahihi_Nyekundu.

Sahihi_Nyekundu

Kuhusu kufutika, kwa faida ya wanaosoma, neno hilo lisichukuliwe kwamba rangi huondoka kama grafiti. Grafiti hukaa juu ya nyuzi za karatasi kwa vipande vidogo bapa, na kifutio kinavivuta. Rangi iliyoloweshwa katika kijiti nayo huondoka vizuri kama mkono ulikuwa mwepesi; ikikandamizwa, karatasi yenyewe imebonyea, na katika kibonyeo hicho rangi inabaki. Njia yangu ya kupima kikasha kipya ni kuchora viraka vitatu kwenye karatasi ile ile nitakayoitumia kazini, kimoja kwa mkono mwepesi, cha pili wa kawaida, cha tatu mzito, nikavifuta vyote. Kiraka cha pili ndicho kinachonipa hukumu. Risasi ya nta hata kiraka cha kwanza haikiachii, inakipaka tu kikawa kikubwa zaidi.

Na anayetunza kumbukumbu azingatie kwamba rangi nyingi za namna hii hufifia zikikaa juani. Alama za kazi ya mwezi huu hazina shida, lakini daftari utakalotaka kulisoma baada ya miaka liandikwe kwa grafiti, ambayo jua haliipati.

RamaniKwanza

Nashukuru sana, wakubwa zangu. Nimefungua koni kama nilivyoelekezwa. Raba ilianguka kweli, lakini nilikuwa nimetandika kitambaa cheupe, nikaiona. Taya zilikuwa za kijani mpaka ndani. Risasi nyeusi ilisukuma vipande viwili, si kimoja: kirefu cha kama milimita nne na kingine kidogo kuliko kichwa cha pini, ambacho nadhani ndicho kilichokuwa kimeziba mdomo. Sasa inaandika nyeusi kama zamani, na hairudi ndani.

Nimeamua kununua penseli nyingine ya bei ndogo ya 0.7 kwa ajili ya rangi tu. Swali langu la mwisho ni kama nianze na njano, kwa sababu nataka kupigia mistari maneno muhimu katika vitabu vyangu.

MstariMwembamba

Nimefurahi sana kwa habari hizo, na hasa kwa kile kitambaa cheupe, ambacho sikukuambia na ningepaswa kukuambia.

Njano usianze nayo. Kwenye karatasi nyeupe chini ya taa mstari wa njano wa milimita 0.7 karibu hauonekani. Njano hufaa ikiwa pana, kama ile ya kalamu za kupaka juu ya maneno. Chukua rangi ya chungwa inayofutika. Inaonekana mchana na usiku, haifunikwi na maandishi meusi, na ukipiga mstari chini ya neno ambalo baadaye utagundua halikuwa muhimu, utaweza kuuondoa. Bonyeza mara moja tu kila mara, na penseli uiandike kwa nje jina la rangi yake.